Mchoraji wa Eropleni Aliyeonyeshwa Kifaru

Mtaa wa Pipeline uko mashariki ya Nairobi, kando ya barabara ya Outer Ring, na jina lake limetokana na Kampuni ya Kenya Pipeline, ambayo bomba lake limekuwa likileta mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi tangu mwaka 1978. Sehemu ya mafuta hayo ndiyo yanywewayo na ndege za uwanja wa Jomo Kenyatta, ulio jirani na mtaa huo. Nyumba za Pipeline ni maghorofa marefu yaliyosongamana hata jua halipati njia ya kuingia vyumba vya chini, na mtu atakaye kuiona mbingu hana budi kupanda ngazi mpaka juu kabisa, penye kamba za kuanikia nguo. Akifika huko huziona ndege waziwazi, moja ikiinua pua kuondoka, nyingine ikishuka pole pole huku magurudumu yamekwisha kunjuliwa. Mtoto aliyelelewa juu ya dari za namna hiyo huweza kuutambua mngurumo wa ndege kabla hajaiona.

Lakini ni wachache wanaojua kwamba wako watu duniani waliopata riziki yao ya maisha kwa kuzichora ndege hizo. Kazi hiyo ipo, na ina mafundi wake. Huko Uingereza wachoraji wa eropleni walijiundia chama chao mwaka 1971, na rais wake wa kwanza alikuwa Bwana Frank Wootton, aliyesifika kwa picha zake za vita vya angani. Tena jambo la kustaajabisha ni kwamba mchoraji mmoja wa kazi hiyo, ambaye jina lake lilikuja kujulikana katika nchi nyingi, aligeuzwa njia ya maisha yake papo hapo mashariki ya Nairobi, mwendo mfupi wa matatu kutoka Pipeline, mwaka 1960. Huyo ni Bwana David Shepherd.

Bwana Shepherd alizaliwa tarehe 25 Aprili 1931 huko Hendon, kaskazini ya London. Hendon ni mahali penye sifa katika habari za urukaji, kwa kuwa palikuwa na kiwanja cha ndege tangu siku za eropleni za mbao na kitambaa, na leo pana jumba la makumbusho la Jeshi la Ndege la Kiingereza. Alikuwa mtoto wa miaka 9 mwaka 1940, wakati marubani wa Kiingereza na wa Kijerumani walipopigana angani juu ya kusini ya Uingereza, na mji wa London ukapigwa mabomu usiku baada ya usiku. Kwa watu wazima hayo yalikuwa msiba. Kwa mvulana wa umri ule ilikuwa pia tamasha ya ajabu, na mtu hawezi kumlaumu.

Shuleni kwake Stowe hakuonyesha dalili yoyote ya kuwa mchoraji. Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba aliingia katika chumba cha uchoraji kwa sababu moja tu, nayo ni woga wa mchezo wa raga, na kwamba picha aliyoichora huko, ya ndege wenye mbawa na manyoya, ilikuwa mbaya sana. Fikira zake hazikuwa katika rangi. Alikuwa amesoma vitabu vya Afrika na wanyama wake, naye alitamani jambo moja tu, kuwa Bwana Nyama.

Basi mwaka 1949, alipomaliza shule, alisafiri mpaka Kenya. Hifadhi ya Nairobi ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu wakati huo, kwani ilifunguliwa mwaka 1946. Kijana Shepherd alikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wa mambo ya wanyama mjini Nairobi, akajieleza kwamba yuko tayari kuanza kazi. Akaambiwa kwamba hatakiwi. Hakuwa na ujuzi, hakuwa na elimu ya wanyama, wala hakuwa na chochote ila hamu. Inafaa kukumbuka kwamba kazi ya Bwana Nyama siku hizo ilikuwa ya Wazungu. Waafrika walioijua nyika kuliko yeye mara elfu walikuwa askari, wapagazi na wafuata nyayo. Hata hivyo, mlango uliofungwa kwa watu wengi kwa sababu ya rangi yao ulifungwa kwake pia, kwa sababu ya ujinga wake.

Sasa alikuwa mbali na kwao bila kazi. Akateremka pwani mpaka Malindi, akapata kazi ya kupokea wageni katika hoteli kwa mshahara wa pauni moja kwa juma, yaani shilingi 20 za wakati ule. Kwa mshahara huo nauli ya meli ya kurudi Uingereza ingemchukua muda mrefu mno kuikusanya. Ndipo alipokumbuka brashi. Alichora picha saba za ndege wa mwituni juu ya mbao za kuta, akaziuza kwa pauni 10 kila moja kwa Wazungu wa Malindi, ambao pengine hawakuwa na picha nyingine za kuchagua. Kwa fedha hizo alilipa nauli yake. Hizo ndizo fedha za kwanza alizozipata kwa uchoraji, naye alizipata kwa shida ya kutaka kurudi kwao tu.

Alipofika Uingereza aliona njia mbili mbele yake: kuendesha basi, au kuwa mchoraji na kufa njaa. Alikuwa akisema mambo hayo kwa mzaha, lakini wakati ule haukuwa mzaha. Aliomba nafasi katika chuo cha sanaa cha Slade mjini London, akapeleka picha yake ya ndege. Walimu wakaitazama, wakamjibu kwamba hana kipawa, na kwamba hafai kupotezewa wakati wa kufundishwa. Hivyo kabla hajafikia umri wa miaka 20 alikuwa amekwisha kukataliwa mara mbili, na mara zote mbili waliomkataa walikuwa na haki kwa yale waliyoyaona.

Kilichomwokoa ni bahati ya kukutana na mtu. Katika karamu moja mjini London alikutana na Bwana Robin Goodwin, mchoraji aliyeishi kwa kazi ya mikono yake, na ambaye hakuwa na desturi ya kuchukua wanafunzi. Bwana Goodwin alikubali kuitazama kazi ya kijana yule, na baada ya kuitazama akakubali kumfundisha, labda kwa kuwa ilikuwa mbaya kiasi cha kumtia hamu ya kujaribu. Kwa miaka mitatu David Shepherd alikaa chini ya fundi huyo.

Mtu wa Eastlands atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu wa chuo kikuu. Katika karakana za jua kali ndivyo kazi inavyofunzwa, yaani kijana hukaa karibu na fundi, humpa spana, huoshwa masikio kwa maneno makali, hurudia kazi ileile mpaka mkono uzoee. Wanaochora mabango ya maduka na wanaopamba matatu za Nairobi, wengi wao wamejifunza hivyo. Bwana Goodwin hakumfundisha mwanafunzi wake habari za roho ya sanaa. Alimfundisha kuamka asubuhi na kuchora mpaka jioni, siku zote saba, akiwa na hamu au hana, kwa kuwa mwenye nyumba hataki kusikia habari za hamu, hutaka kodi yake. Alimfundisha kuchanganya rangi, kuitazama nuru, na kukwangua kazi iliyoharibika bila kuihurumia. Bwana Shepherd alisema maisha yake yote kwamba kila alichokuwa nacho katika uchoraji alikipata kwa mtu huyo.

Alipotoka mikononi mwa mwalimu wake alihitaji kitu cha kuchora, naye akachagua eropleni. Aliomba ruhusa, akapewa, akaenda kukaa katika uwanja wa ndege wa London, ambao leo huitwa Heathrow, akasimamisha fremu yake ya miguu mitatu karibu na ndege zenyewe. Siku zile uwanja huo ulikuwa bado mchanga, na mchoraji mpole aliweza kuachwa akae mahali ambapo leo angekamatwa mara moja. Mbele yake ziliegeshwa ndege kubwa za mapangaboi manne, Constellation, Stratocruiser na Argonaut, na karibu nazo Viscount mpya za Kiingereza. Argonaut si jina geni kwa watu wa Nairobi. Mwaka 1952 Binti Mfalme Elizabeth alishuka Eastleigh katika ndege ya aina hiyo, na baada ya siku chache, baba yake alipofariki, ni Argonaut iliyomchukua kutoka Entebbe kurudi kwao akiwa Malkia.

Kuichora eropleni ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mlima ukikosewa kidogo hakuna mtu atakayejua, kwa maana hakuna aliyeupima. Eropleni imepimwa. Kila msumari una mahali pake, na rubani au makanika akisimama mbele ya picha, jicho lake huenda moja kwa moja mahali palipokosewa. Mdomo wa injini ni mviringo kamili, lakini ukitazamwa kwa upande huonekana kama yai, na yai hilo likiinama kidogo tu kuliko inavyopasa, bawa lote huonekana kama limevunjika. Mapangaboi yanayozunguka hayawezi kuchorwa kama yalivyo, kwani jicho haliyaoni, wala hayawezi kuachwa, kwani ndege itaonekana haina uhai.

Tena kuna jambo la rangi. Ndege ya madini meupe haina rangi yake yenyewe. Mgongo wake hubeba rangi ya mbingu, na tumbo lake hubeba rangi ya ardhi. Ikisimama juu ya lami iliyolowa mvua, tumbo huwa jeusi na lenye kung'aa, na ikisimama juu ya udongo mwekundu wa Afrika, huwa kama limepakwa shaba. Mchoraji asiyelijua hilo hupaka rangi ya majivu mwili mzima, akapata picha ya sufuria yenye mabawa. Halafu ziko alama za kazi, yaani masizi nyuma ya bomba la moshi, mafuta yaliyochuruzika, rangi iliyobanduka mahali ambapo makanika hukanyaga kila siku. Kwa alama hizo mtazamaji husadiki kwamba kitu kile kizito kimeruka kweli na kitaruka tena. Bwana Shepherd alizipenda alama hizo. Picha zake nzuri za ndege ni zile ambazo ndege imetua, watu wa kazi wameizunguka, na mvua au theluji inaanguka.

Wenye makampuni ya ndege waliziona picha hizo, na wengine wakazinunua. Mwaka 1957 alimwoa Bi Avril Gaywood, aliyekuwa karani katika kampuni moja ya ndege, nao walijaliwa binti wanne. Kisha majeshi ya Uingereza nayo yakaanza kumwita. Yalikuwa na vituo katika sehemu nyingi za dunia, na maofisa wa vituo hivyo walipenda kutundika ukutani picha za ndege na meli zao. Mwaka 1960 Jeshi la Ndege lilimchukua mpaka Aden, na kutoka Aden likamleta Nairobi. Miaka 11 ilikuwa imepita tangu alipofukuziwa mlangoni katika mji uleule.

Kituo cha jeshi hilo Nairobi kilikuwa Eastleigh. Hapo zamani ndege zote kubwa zilizoleta abiria Nairobi zilishuka hapo pia, mpaka ulipofunguliwa uwanja mpya wa Embakasi mwaka 1958. Uwanja huo wa Embakasi ulijengwa kwa sehemu na mikono ya wafungwa na ya watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari, jambo ambalo wasafiri wengi wapitao hapo hawalijui. Abiria walipohamia Embakasi, Eastleigh ikabaki ya askari. Mwaka 1960 zilikuwapo Beverley, ndege pana kama ghala, na Twin Pioneer ndogo, ambazo ziliweza kushuka katika kiwanja kifupi cha nyasi. Yaani mchoraji wa eropleni alikuwa amefika mahali panapomfaa hasa.

Lakini maofisa wa Nairobi walimshangaza. Walimweleza kwamba hawataki picha za eropleni, kwa sababu wao wenyewe huzirusha kutwa, na mtu hataki kutoka kazini akaikuta kazi imetundikwa ukutani. Je, hawezi kuchora vitu vya nchi hii, kama vile ndovu? Bwana Shepherd hakuwa amepata kumchora mnyama mkubwa hata mmoja maishani mwake. Akakubali. Picha yake ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa ya kifaru amesimama katika njia ya ndege, nayo jeshi liliinunua kwa pauni 25, yaani shilingi 500.

Hilo lilikuwa chaguo la busara kwa mtu aliyekuwa ugenini katika kazi mpya. Nusu ya picha, ile ya kiwanja cha ndege, alikuwa anaijua. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa ngeni kwake. Na hata hiyo haikuwa ngeni kabisa, kwani kifaru naye ni mzito, ana mikunjo kama mabati yaliyounganishwa, ngozi yake haina rangi yake yenyewe ila ile ya tope alilogaagaa. Aliyejifunza kuona mbingu juu ya mgongo wa Argonaut hakupata shida kubwa kuona udongo juu ya mgongo wa kifaru. Wengi wamesema kwamba siku ile aliacha kazi moja akashika nyingine. Ukizitazama picha zenyewe utaona kwamba alichukua jicho lilelile akalielekeza upande mwingine.

Katika safari hizo hizo za Afrika ya Mashariki alikutana na jambo ambalo hakulisahau tena. Huko Serengeti, Tanganyika, alifika penye maji ambayo majangili walikuwa wametia sumu. Kando ya maji hayo walilala punda milia 255, wote wamekufa. Mtu aliyekuja kutafuta wanyama wa kuchora aliwakuta wengi kuliko alivyotaka, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Alisema baadaye kwamba siku hiyo ndiyo iliyomfanya mtetezi wa wanyama, bila kungoja kesho yake.

Maneno kama hayo ni rahisi kusemwa. Kipimo chake ni fedha, na hapo Bwana Shepherd hana deni. Picha zake za ndovu zilianza kupendwa sana Uingereza tangu mwaka 1962, nakala zake zikauzwa madukani na kutundikwa katika nyumba za watu wa kawaida, naye akatajirika. Kwa maoni yake, wanyama hao ndio waliomtajirisha, na kwa hiyo walikuwa na haki ya kudai fungu lao. Alitoa picha zake zipigwe mnada Marekani, na kwa fedha zilizopatikana ikanunuliwa helikopta ya kuwasaka majangili nchini Zambia. Rais Kenneth Kaunda, ambaye Bwana Shepherd alipata pia kumchora sura yake, alimshukuru kwa kumpa mashine ya gari la moshi iliyoundwa mwaka 1896. Zawadi ya namna hiyo ingemtia taabu mtu mwingine yeyote, lakini yeye alifurahi kama mtoto, kwa kuwa mwaka 1967, Uingereza ilipokuwa ikiziacha mashine za makaa ya mawe, alikuwa amekwisha kununua mbili ili zisivunjwe kuwa vyuma chakavu.

Mwaka 1973 picha yake ya simbamarara iliingiza pauni 127,000 kwa ajili ya kuwaokoa wanyama hao nchini India, mwaka uleule ambao Serikali ya Bibi Indira Gandhi ilianzisha mpango wake wa kuwahifadhi. Mwaka 1984 aliunda mfuko wa kuhifadhi wanyama wenye jina lake, ambao umetoa mamilioni ya pauni kwa kazi hiyo katika Afrika na Asia.

Na kazi yenyewe ilikuwa kubwa. Hesabu za Kenya zinaogofya hata leo. Ndovu waliokuwa zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipungua wakabaki kama 20,000 mwaka 1989, mwaka ambao Rais Daniel arap Moi aliichoma moto shehena ya pembe tani 12 katika Hifadhi ya Nairobi, dunia nzima ikitazama. Vifaru waliuawa zaidi. Walikuwa kama 20,000 mwaka 1970, na baada ya miaka 20 hawakutimia hata 400. Kifaru wa shilingi 500 aliyechorwa Eastleigh alikuwa amechorwa katika siku za mwisho za wingi wa kabila lake, na mchoraji hakujua hivyo, wala maofisa waliomtundika ukutani.

Je, eropleni alizisahau? La. Zilikuwa ndizo mapenzi yake ya kwanza. Aliichora Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, imesimama katika theluji ya Uingereza huku makanika wakiishughulikia kwa mikono iliyoganda. Picha hiyo aliitoa kwa jumba la makumbusho la Jeshi la Ndege kule Hendon alikozaliwa, na nakala zake ziliuzwa ili kuusaidia mfuko wa wanahewa wenye shida na jamaa zao. Wazee waliopata kuzirusha ndege hizo wakiwa vijana waliithamini sana. Ndani yake hamna rubani shujaa wala moto wa mizinga. Muna baridi, uchovu, na kazi ambayo lazima imalizike kabla ya usiku. Hapana shaka hiyo ni mojawapo ya kazi zake bora, na wako wanaoiona kuwa bora kuliko ndovu wake wote.

Mabingwa wa sanaa hawakumpenda kamwe. Walisema picha zake ni za kupamba masanduku ya biskuti, kwamba hakuna jipya ndani yake, kwamba ndovu mmoja ni sawa na mwingine. Yamo maneno ya kweli katika lawama hiyo, maana mtu achoraye siku saba kwa juma kwa miaka 60 hawezi kukosa kujirudia. Yeye mwenyewe hakubishana nao. Alikuwa akiwaonyesha watu ile picha yake mbaya ya ndege ambayo chuo cha Slade kiliikataa, akacheka, akasema kwamba walimu wale walikuwa na haki. Serikali ya Uingereza ilimpa nishani mwaka 1979, na nyingine ya daraja la juu zaidi mwaka 2008.

Pungufu moja ya habari zake kama zinavyosimuliwa inahusu Nairobi yenyewe. Majina ya wakubwa yanatajwa, na bei ya picha inatajwa, lakini waliosukuma ngazi za ndege Eastleigh, waliofagia njia ya ndege na waliopika chakula katika jumba la maofisa ambamo kifaru yule alitundikwa hawatajwi popote. Wengi wa watu wa namna hiyo waliishi katika mitaa ya Eastlands. Kama mmoja wao alipata kusimama nyuma ya mchoraji na kuitazama brashi yake ikienda, hakuna aliyeandika.

Kituo cha Eastleigh kilikabidhiwa Kenya baada ya Uhuru, nalo Jeshi la Ndege la Kenya, lililoanzishwa mwaka 1964, linakitumia hata sasa. Bwana David Shepherd alifariki tarehe 19 Septemba 2017, akiwa na umri wa miaka 86. Mjukuu wake Bi Emily Lamb ni mchoraji wa wanyama wa Afrika. Katika mwaka huo wa kifo chake vifaru weusi wa Kenya walikuwa wameongezeka wakapita 700, na baadhi yao walikuwa wakilisha katika Hifadhi ya Nairobi, ambapo ndege zinazokwenda kushuka hupita juu yao kila siku wala hawainui vichwa.